Sahani ya Mpita Njia

Biasha alisema alimwona kwa macho yake mawili, tena mchana, jua likiwa utosini. Alikuwa amekwenda Kisiju kumzika shangazi yake, na siku ya pili, katika kutafuta ukindu wa kusukia mikeka, akapita nyuma ya banda la forodha. Hapo akamkuta mwanamume ameketi juu ya gogo anasuka dema, ule mtego wa samaki wa fito. Na mwanamume huyo, kwa madai ya Biasha, alikuwa Mwinyimadi, baba yake Mwanamkuu, ambaye watu wa Masaki ya Kisarawe walimsomea hitima miaka kumi na miwili iliyopita na ugali wake wakaula.

"Nikamwita mara tatu," alisema Biasha, amesimama katikati ya uwanja wa kina Mwanamkuu, jirani zake, kibwebwe kiunoni kama mtu anayengoja ngoma ianze. "Mwinyimadi! Kimya. Mwinyimadi! Kimya. Ya tatu akageuka, akaniambia, 'Mama, umenifananisha.' Haya, nimemfananisha. Na mkono je? Anachonga fito kwa mkono wa kushoto, na kila akimaliza moja anaigonga gotini mara mbili, ko-ko, vile vile! Nani mwingine duniani anagonga goti? Jamani, nilitoka pale mbio, kanga yangu moja mpaka leo imebaki kwenye mkoko."

"Biasha we," akasema mwanamke mmoja, "si ni wewe uliyemwona simba amekaa kwenye kiti cha jumbe?"

"Alikuwa amekaa! Ningesema amesimama ningekuwa mwongo."

Wakacheka, wengine wakashika mbavu. Mwanamkuu hakucheka. Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo: jambo likitokea, yeye hutazama kwanza. Akamwona Mwinjuma, baba yake mdogo, panga limemponyoka miguuni lakini mkono bado unakwenda na kurudi juu ya jiwe la kunolea, mtupu. Akamwona mama yake, Swaumu, aliyekuwa akitwanga makopa. Mchi umetua ukingoni mwa kinu badala ya ndani. Na Mwalimu Matano, mwenye chuo cha Kurani, alikuwa amevua miwani anaifuta, na miwani ile haikuwa na vumbi lolote.

Habari za Mwinyimadi pale Masaki hakuna asiyezijua. Aliondoka Mwanamkuu akiwa na miaka mitatu, akaenda Rufiji kukata boriti za mikoko. Miaka minne hakuleta salamu. Halafu, katika yale ya vita, nguo hakuna na mchele hakuna, ikaja habari kwamba mashua iliyotoka delta ya Rufiji na boriti na watu imezama, na jina la Mwinyimadi limo katika waliopanda. Swaumu akakaa eda. Siku ya arobaini ikasomwa hitima. Eda ilipokwisha, Mwinjuma, ambaye mkewe alikwisha kufa, akamrithi shemeji yake kama ilivyo desturi, na Mungu akawapa watoto watatu. Mwanamkuu alimwita Mwinjuma baba na hakuwahi kuona kasoro.

Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na posa ilikwisha kupokelewa. Mchumba alikuwa Zahoro, fundi seremala wa Gwata, kijana mrefu wa maneno machache, ambaye siku aliyokuja na wazee wake alitazama mlango wa nyumba yao uliolegea, akaenda kukopa nyundo, akautengeneza kwanza ndipo akakaa barazani. Tangu siku hiyo Mwanamkuu hakuufunga mlango ule bila kutabasamu. Ndoa ilipangwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi mpya.

Mwalimu Matano akamvuta Mwinjuma pembeni, lakini katika uwanja ule pembeni haikuwa mbali.

"Mimi Biasha simwamini hata nusu," alisema Mwalimu. "Lakini nimesikia, na nikishasikia siwezi kujifanya kiziwi. Kama baba wa binti yu hai, wewe huwezi kumwozesha bila neno lake. Nitakuwa nimefungisha hewa. Nataka neno lake mwenyewe, au nipate hakika kwamba hayupo."

"Na mimi?" Mwinjuma akauliza polepole. "Na mama yake?"

Mwalimu akavaa miwani. "Tuanze na la binti."

Basi jambo likawa hivyo. Kama Mwinyimadi yu hai, ndoa ya mtoto imekwama, na ya mama mtu haijulikani ni nini. Na aliyetakiwa kwenda kulitafuta jibu hakupatikana. Mwinjuma alisema atakwenda kesho; kesho ilipofika akasema mguu unamuuma. Siku ya tatu Mwanamkuu akasema, "Nitakwenda mimi na Pazi."

Pazi alikuwa mtoto wa Mwinjuma kwa yule mke wa kwanza, aliyefariki akimzaa. Swaumu aliwanyonyesha wote wawili, Mwanamkuu ziwa hili na Pazi lile, kwa hiyo wakipanda baiskeli moja hapakuwa na wa kusema neno. Na baiskeli ilikuwa ya Pazi. Kila baada ya majuma mawili alikwenda Kisiju kununua samaki wakavu, ng'onda na papa, akarudi akiuza njia nzima.

Asubuhi ya safari, kabla jua halijachomoza vizuri, Swaumu alimpa binti yake kifuko cha kitambaa. Ndani mlikuwa na korosho za kubabua, bado za moto.

"Mama, Pazi hali korosho."

"Najua," alisema Swaumu. Akamfunga kanga upya kichwani, ingawa ilikuwa imefungwa sawasawa. "Ukimkuta, jibu langu usinipe mbele za watu."

*

Keria ya baiskeli ya Pazi ilizoea tenga, siyo mtu. Aliifungia gunia lililojazwa majani ya mgomba, lakini harufu ya papa ilikuwa imeingia mpaka kwenye chuma.

"Tenga langu," alisema Pazi walipokuwa wakiteremka vilima vya Kisarawe, breki zikilia, "huwa halinibani mbavu."

"Tenga lako haliogopi kufa."

"Afadhali umesema kitu. Tangu nyumbani kimya, nikafikiri nimekuangusha."

Baada ya Chanika ardhi ikageuka mchanga, ule mchanga mweupe unaomeza tairi. Hapo walishuka wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena. Palipokuwa pagumu gurudumu liliimba wimbo wa sauti moja, na Mwanamkuu aliegemeza sikio mgongoni kwa kaka yake akasikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Mikorosho ilipita huku na huku, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, mpaka macho yakashindwa kujua yamefumba au yamefumbua. Mara nyingine alihisi kwamba wao wamesimama na ni nchi ndiyo inayoendeshwa, mtu fulani mbele huko anaikunja polepole kama mkeka.

Katika hali hiyo, si usingizi si macho, ile siku ya hitima ikamjia. Haikuja kama kitu kilichopita. Ilikuwa pale pale, baina ya mti na mti.

Alikuwa na miaka saba. Uwanja umejaa watu. Bibi mmoja, mpishi, akamkabidhi mikononi sahani ya bati, ugali wa muhogo na bawa la kuku. "Kule mikoroshoni kuna mpita njia. Mpelekee. Hitima hainyimi mtu." Akaenda, akiitazama sahani isimwagike mchuzi. Mpita njia alikuwa amesimama nyuma ya shina, amejifunga shuka mpaka kichwani kama mtu mwenye homa, na miguu yake ilikuwa na matope yaliyokaukia. Akala wima.

"Nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Unamlilia?"

"Simjui."

Mtu yule akainamia sahani. Alikula mpaka sahani ikawa safi kama imeoshwa, akaigeuza, akaigonga chini yake kwa vidole mara mbili, ko-ko, makombo yaanguke, akamrudishia.

Mwanamkuu akafumbua macho. Mkono wake ulikuwa umeshika shati la Pazi kwa nguvu.

"Nini?" Pazi akauliza.

"Hakuna. Endesha."

Walilala Mkuranga kwa jamaa, na asubuhi, walipokuwa wakitia upepo tairi la nyuma, bibi mmoja muuza vitumbua akasimama kuwatazama, mkono kiunoni.

"We muuza samaki! Umeoa lini? Na mbona mke umemfunga kwenye keria kama papa?"

"Shikamoo bibi. Huyu dada yangu!"

"Marahaba. Wote husema hivyo." Akawapa vitumbua viwili. "Kula, mwanangu. Huyu akikuchosha, nenda kwa mwenye gari."

*

Mwanamkuu hakuwa ameiona bahari. Alisoma mpaka darasa la nne, na katika kitabu cha darasa la tatu palikuwa na picha yake, mistari kumi na tano ya mawimbi, aliihesabu. Basi walipoingia Kisiju, saa nne asubuhi, aliitafuta hiyo mistari akaikosa. Aliona msikiti, maduka matatu ya mabati, minazi, marundo ya boriti yamepangwa kama kuni za jitu, na mbata za nazi zimeanikwa zinanuka utamu uliooza kidogo. Mbele ya vyote hivyo palikuwa na tope. Tope jeusi, pana, linalong'aa, na juu yake mashua sita zimelala ubavu, kila moja imeegemea upande wake, kama watu waliopitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo.

"Bahari iko wapi?"

"Imetoka," alisema Pazi.

"Imekwenda wapi?"

"Itarudi adhuhuri. Hapa hutoka na kurudi, kila siku. Ukija saa mbaya utasema watu wa hapa waongo."

Pazi alikuwa ameshuka anasukuma baiskeli. Akapita maduka, akapita kisima, akakata kushoto kwenye kijia chembamba kati ya nyumba mbili za makuti. Mwanamkuu akamfuata. Kila mtu aliyekutana nao Pazi alimsalimia, na hapana hata mmoja aliyemuuliza kitu.

"Kaka."

"Naam."

"Hujauliza mtu njia."

Pazi akapiga kengele mara mbili, ingawa mbele hapakuwa na mtu wala kuku. Kisha nyuma ya banda la forodha Mwanamkuu akaona madema, zaidi ya ishirini, yamepandana mpaka urefu wa paa, mapya na yaliyopauka, na jua likipita kwenye matundu yake linaandika mchangani. Akasogea, akashika moja. Pale fito zilipokutana palifungwa kwa ganda la mti, fundo la vitanzi vitatu, kama ua.

Fundo lile alilijua. Kwa muda mrefu sasa, kila Pazi akirudi kutoka pwani, mitungo yote ya samaki ilikuwa imefungwa kwa ukindu isipokuwa mmoja. Huo ulifungwa kwa ganda la mti, vitanzi vitatu, na Pazi alikuwa akiutupa mezani na kusema, "Wa Mwanamkuu huu, wamenipa nyongeza." Naye aliwahi kukifungua kifundo kile polepole, akajaribu kukifunga tena, akashindwa.

"Tangu lini?" akauliza, hajageuka.

"Miaka miwili." Pazi aliegemeza baiskeli, akawa anafuta usukani kwa kiganja. "Mara ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikasema Masaki. Akaniuliza kama yuko mtoto wa kike anaitwa Mwanamkuu, na amefika darasa la ngapi. Sasa msuka dema darasa la mtoto wa Masaki linamhusu nini? Nikamtazama mkono wa kushoto. Nikajua."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambia nani, dada? Baba? Au Mama, na mtoto mgongoni?" Sauti yake ilipungua. "Yeye naye aliniomba. Mimi nimekuwa nikibeba samaki na hilo. Samaki ni wepesi."

Ko-ko, likasikika upande wa pili wa madema.

*

Alikuwa mtu mdogo kuliko alivyomdhania. Nywele zilikuwa na mvi upande mmoja tu, kama mtu aliyelalia unga. Alipomwona Pazi alianza kucheka, na alipomwona aliyekuwa nyuma ya Pazi kicheko kikabaki usoni kimesahauliwa.

"Shikamoo," alisema Mwanamkuu.

Yule mtu aliweka fito chini. Akaiokota. Akaiweka tena. "Marahaba," akasema mwishowe. "Umekuwa mrefu. Sahani ilikuwa karibu ikushinde."

Ndipo Mwanamkuu alipokaa chini, pale pale mchangani. Alikuwa amepanga maneno tangu Mkuranga na yote yakawa yamemwagika njiani. Akampa kifuko. Mwinyimadi akatoa korosho moja, akaitazama, akaila macho yamefumba.

"Bado zinamuungulia upande mmoja," alisema.

"Mashua ilizama," akasema Mwanamkuu.

"Ilizama. Mimi sikupanda. Jina liliandikwa, halafu homa ikanishika, mwenzangu mmoja akaingia mahali pangu. Nililala kwa Warufiji mwezi mzima sijui mchana wala usiku. Nilipopata miguu nikaanza safari ya nyumbani. Nilifika siku unayoijua."

"Ulikuwa hatua hamsini na mlango."

"Hatua thelathini na nane."

"Kwa nini hukuingia?"

Mwinyimadi akachukua fito, akaanza kuichonga. Kisu kilikwenda chenyewe, na maganda yakawa yanaanguka yamejikunja.

"Nilikuwa nimekwisha kuinua mguu," alisema. "Nilisema moyoni, nitatokea katikati yao, watakimbia, halafu watacheka mpaka kesho. Mara Mwalimu akasimama. Unajua vile husemwa. Akasema, 'Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu, na mtu hukosea. Aliyekosewa na marehemu amsamehe.' Miaka minne, Mwanamkuu. Sikuleta salamu, sikuleta kanga, sikuleta hata chumvi. Ndugu yangu ndiye aliyewalisha. Kila niliposema mwezi huu nitarudi, niliona aibu ya kurudi mikono mitupu, nikangoja mwezi mwingine, na aibu ikawa kubwa zaidi. Basi nikawasikia. Uwanja mzima. 'Tumemsamehe.' Mwinjuma akasema peke yake, kwa sauti, 'Nimemsamehe.' Na ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya mama yako. Akasema vile vile."

Akagonga fito gotini mara mbili.

"Wangesema hivyo kwa mtu aliye hai, mwenye miguu, aliyesimama mbele yao? Walimsamehe aliyekufa. Ningetoka pale, ningewanyang'anya msamaha wao mikononi. Nikaona ni afadhali yule waliyemsamehe abaki amekufa."

Pazi alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, anachora mchangani kwa kijiti.

"Na Mama?" Mwanamkuu aliuliza. Hili lilikuwa zito kuliko lake mwenyewe, na alilisema taratibu kama mtu anayeshusha mtungi. "Ameolewa na baba mdogo. Amezaa. Kama wewe uko hai, yeye ni nani?"

"Ni mke wa ndugu yangu, kwa haki." Mwinyimadi aliacha kuchonga. "Sikiliza. Eda ya kifo ni miezi minne na siku kumi. Arobaini zilikuwa zimekwisha siku ile. Zimebaki ngapi?"

Mwanamkuu alihesabu kimoyomoyo kama darasani. "Tisini."

"Miezi mitatu. Na eda ya talaka ni ngapi? Hiyo hiyo mitatu."

Mwanamkuu akamtazama.

"Nilipotoka mikoroshoni nilitembea mpaka pale njia inapoanza kuteremka. Nikasimama, nikaelekea kibla, nikamwacha. Nilisema jina lake, Swaumu, nimekuacha, Mungu shahidi. Kwa hiyo alipokuwa akinililia mimi maiti, zilikuwa zinakwisha siku za talaka yangu mimi mzima. Siku alipoinuka kwenye eda alikuwa huru kweli kweli. Mwinjuma alimwoa mwanamke asiye na mtu." Akakung'uta maganda mapajani. "Ni kitu kimoja tu nilichowahi kumletea mama yako kutoka safarini, na sikuweza kumpa mkononi."

Kitu fulani kilikuwa kimebadilika na Mwanamkuu hakujua ni nini mpaka alipogeuza kichwa. Tope lilikuwa limeanza kung'aa zaidi. Maji yalikuwa yanaingia, bila wimbi, bila sauti, yanapita katikati ya mizizi ya mikoko kama mtu anayerudi nyumbani kwa kunyata asiamshe watoto. Mashua ya kwanza ilitikisika, ikasimama kidogo, ikalala tena.

"Ninaolewa," alisema. "Ijumaa ya kwanza ya mwezi mpya. Mwalimu Matano hafungishi mpaka apate neno lako."

"Pazi aliniambia kuhusu fundi. Ni kweli alitengeneza mlango kabla ya kukaa?"

"Kweli."

"Ule mlango niliulegeza mimi," alisema Mwinyimadi, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja, kicheko kifupi kilichowashitua wote wawili.

Mwanamkuu akatoa karatasi aliyoichana kwenye daftari lake la zamani, na kipande cha penseli. Akaweka karatasi juu ya mgongo wa kikapu. Mwinyimadi akasema, yeye akaandika, kwa ile hati ya mviringo aliyofundishwa, akilamba ncha ya penseli kila neno lilipofifia. Kwamba yeye Mwinyimadi, yu hai na akili zake timamu, anampa ndugu yake Mwinjuma uwakala wa kumwozesha binti yake kwa Zahoro wa Gwata. Na kwamba siku ya hitima, baada ya kula, alimwacha mkewe Swaumu, na ndoa aliyofunga baada ya eda haina dosari. Alipofika kwenye neno "baada ya kula" penseli ilisita.

"Andika," alisema baba yake. "Nilikula. Nilikuwa na njaa."

Kwa kuwa hakujua kuandika jina, alichovya kidole gumba katika chungu cha maji ya gome la mkoko, yale mekundu anayopakia fito zisioze, akakibonyeza chini ya maneno. Alama ikabaki, nyekundu kama udongo wa Kisarawe mvua ikinyesha.

"Mwonyeshe Mwalimu peke yake," alisema. "Yeye ataona namna ya kumwambia Mwinjuma. Na mama yako umwambie wewe, mkiwa wawili."

"Alikwisha kuniambia hivyo hivyo."

Mwinyimadi akaitikia kwa kichwa, akachukua korosho nyingine, akaishika tu.

Mwanamkuu akakunja karatasi mara nne, akaifunga katika pindo la kanga. Alichokuja kukitafuta alikuwa nacho. Zahoro alikuwa wake, mama yake alikuwa salama, na hakuna tena wa kumwambia kitu. Pazi alikwisha kuisimamisha baiskeli. Angeweza kuinuka, kusema kwaheri, na kupanda. Lakini alibaki amekaa, akitazama mikono ile ikifunga fundo la vitanzi vitatu, kwanza hiki, halafu hiki, halafu kile cha chini kilichokuwa kikimshinda siku zote.

"Ile siku," alisema, "wote waliulizwa kama wanakusamehe."

"Wote."

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Mimi nilikuwa nimetumwa sahani."

Mikono ikasimama.

Hakusema kwa hasira. Hasira alikuwa ameitafuta tangu alipoliona lile fundo na hakuipata. Alichokipata kilikuwa kirefu zaidi na hakina jina shuleni. Akainuka, akakung'uta mchanga. Nyuma yake mashua zote sita zilikuwa zimekwisha kusimama wima juu ya maji, na ile bahari aliyoikosa asubuhi ilikuwa imejaa mpaka miguuni mwa madema, tulivu, hata mstari mmoja wa wimbi haina.

"Ndoa ni baada ya swala ya Ijumaa," alisema. "Wali wa nazi utakuwepo safari hii, siyo ugali. Sahani yako nitaipakua mwenyewe. Lakini mikoroshoni siileti, baba. Njoo mpaka barazani, mbele yao wote, uniulize na mimi."

Pazi alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti, mguu mmoja chini. Mwanamkuu akapanda kwenye keria, akakaa upande, uso umeelekea nyuma ili amwone. Akangoja. Mwinyimadi alikuwa ameinua fito kwa mkono wa kushoto, ameisogeza karibu na goti, na pale ikabaki, haijagonga. Maji yakagusa vidole vya miguu yake, yeye asiisogeze.

Baiskeli ikaondoka polepole kwenye mchanga, na Mwanamkuu akaendelea kutega sikio kama ile ko-ko italia, njia yote ile mpaka msikitini.